Tukipanda Daraja, Hatuhami

Jumapili, 5 Januari
Msimu umeanza na tumefungwa moja bila, tena nyumbani. Tello amerudi, amezitumbukiza glovu zake kwenye karai la maji, kisha amekaa kando ya karai kama anayechunga maziwa yasichemke yakamwagika. Sikumsemesha. Kipa aliyefungwa huachwa na karai lake, hilo nililijua mwaka wa kwanza wa ndoa.

Naandika kwa sababu hapa Santa Inés nina meza. Katika nyumba zote zilizopita, meza ilikuwa ya kwanza kuuzwa na ya mwisho kununuliwa. Mtu akiniuliza mume wangu amechezea timu gani, mimi namtajia majiko. La Celaya, dogo kama kabati, Tello akiwa kipa wa tatu. La Tampico, unyevu ukiozesha hadi chumvi. La Tepic, lililovuja gesi. La Irapuato, ambalo sikuwahi kulitumia kwa sababu alivunjika kidole wiki tuliyofika wakamtoa kwa mkopo. Tampico tena, timu nyingine, unyevu uleule. La Piedad, Zacatepec, na sasa hapa. Ana miaka thelathini na minne na hajacheza hata dakika moja ya daraja la kwanza. Huwa hasemi kwamba inamuuma. Hana haja ya kusema.

Mungu hakutujalia watoto. Amefidia kwa kutujalia mama mkwe, Mama Cuca, ambaye kila mwaka anazidi kuwa mtoto.

Jumatatu, 6 Januari
Sikukuu ya Wafalme. Timu nzima pamoja na wake zao tuliitwa kwa mwenye timu, Don Wenceslao Arizmendi, kukata mkate wa sikukuu. Kila mtu alitafuna kwa woga, maana atakayekuta mwanasesere ndani ya kipande chake ndiye atakayewalisha wenzake tamale, mikate ya unga wa mahindi iliyofungwa majani, siku ya Candelaria, Februari tarehe mbili. Kocha mwaka jana alimkuta akammeza, na mpaka leo wanamwita Mjamzito.

Safari hii mwanasesere alimwangukia Don Wenceslao mwenyewe. Angeweza kumficha shavuni. Badala yake alimtoa, akamnyanyua juu wote tumwone.

"Nimenasa! Tamale ni juu yangu, na si kwa timu tu. Mji mzima!"

Watu walipiga makofi mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nami nilipiga. Nilimwambia Tello njiani, "Huyu ni mtu." Tello akasema, "Ndiyo, ni mtu." Mume wangu ni mzungumzaji sana.

Jumatano, 15 Januari
Mama Cuca amekwenda peke yake kwa Chabela mfinyanzi na amerudi peke yake. Nimeandika hivyo nipate kuisoma tena.

Alizaliwa hapa, mitaa mitatu kutoka tanuru la Chabela, akaondoka akiwa ameolewa. Tepic tulimkuta kituo cha basi na vazi la kulalia, akiwaomba madereva wamlete Santa Inés. Zacatepec alikaa mwaka mzima akiamini tu wageni kwa watu na akaniuliza kila jioni tunaaga saa ngapi. Hapa hamjui rais wa nchi, na mimi ananijua siku moja moja, lakini miguu yake inaujua mji. Chabela anampa bakuli la udongo mbichi na jiwe laini, naye anasugua, anasugua, mpaka bakuli linang'aa. Mama Cuca humwita kila mtu kwa jina la mama wa mtu huyo, nao wanaitikia.

Timu inaitwa Wafinyanzi, bila shaka. Ingeitwa nini?

Jumapili, 19 Januari
Tumeshinda 2–0. Glovu zimeanikwa bila kikao cha karai.

Jumapili, 2 Februari
Candelaria. Tumeshinda tena, halafu Don Wenceslao akatimiza neno. Masufuria ya tamale yalipangwa katikati ya mji toka kanisani mpaka duka la dawa, na uji wa moto wa atole, na hakuna aliyeondoka na njaa, hata wale waliorudi kwenye foleni mara tatu, akiwamo mama mkwe wangu.

Kisha akapanda kwenye kibanda cha bendi. Wote tunajua hofu ya mji huu: uwanja wetu ni mdogo, na daraja la kwanza wanataka uwanja mkubwa. Timu ndogo ikipanda, mara nyingi huuzwa, na mnunuzi huibeba akaihamishia kwao, jina, wachezaji, mipira na nyavu. Limetokea kwingine, hakuna asiyelijua.

"Jamani, nawasikia mnanong'ona," akasema. "Basi nisikilizeni na mimi. Nitajenga jukwaa jipya upande wa kaskazini. Tukipanda daraja, hatuhami! Naapa kwa mama yangu aliye kaburini!"

Mji mzima ukashika wimbo: tukipanda daraja, hatuhami. Chabela alinipiga bega, midomo inang'aa mafuta ya tamale. "Unaona, shoga? Mtu wa kumficha mwanasesere angejulikana. Huyu alimtoa mbele ya watu."

Niliona ni hoja safi kabisa.

Alhamisi, 13 Februari
Saruji imefika uwanjani. Tumekwenda kuitazama kama wanaokwenda kuona mtoto mchanga. Mama Cuca ameishika mifuko akasema udongo huu ni mbaya, hautafinyangika.

Jumapili, 23 Februari
Sare. Vumbi tupu. Mvua ya mwisho hata siikumbuki.

Jumamosi, 8 Machi
Timu iko ugenini tangu juzi na leo mama hajala. Tello akilala nyumbani, mama anakula, anaoga, anakubali dawa. Tello akiwa safarini, mimi ni mwizi. Leo nimempelekea maharage na chapati za tortilla, akasukuma sahani.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Mama, ni mimi, Oti. Mkweo."

"Mkwe wangu ni mwembamba."

Nimecheka, kisha nimekwenda kulia kwenye tangi la kufulia. Daktari aliyemwona wiki iliyopita alisema mambo mawili, na yote mawili nilikuwa nayajua: asitenganishwe na mwanawe, na asihamishwe tena mji. Akasema akihamishwa tena, kile kidogo kilichobaki kitabaki huku.

Kwa hiyo siwezi kukaa naye hapa Tello akaenda, wala hatuwezi kwenda naye. Sijui kwa nini naandika hivyo. Hakuna anayekwenda popote. Jukwaa linajengwa.

Jumapili, 9 Machi
Tumeshinda ugenini. Tello amefika, mama amekula sahani mbili.

Jumatano, 19 Machi
Nguzo za chuma zimesimamishwa upande wa kaskazini.

Jumatano, 2 Aprili
Nguzo za chuma bado zimesimama. Mafundi wamekwenda Pasaka, wanasema.

Jumatano, 16 Aprili
Pasaka imekwisha zamani. Chuma kimeanza kutu. Nimemuuliza Tello.

"Labda pesa ya chuma imekwama."

"Na mifuko ya saruji? Jana nimeona lori linaipakia."

"Labda wanaipeleka mahali isilowe."

"Isilowe na nini, Tello? Hakuna hata wingu!"

Akachukua glovu akatoka kwenda mazoezi, nusu saa kabla ya wakati. Siku hizi yuko hivyo, anakuwepo kama kiti. Nimekasirika naye mchana kutwa, na jioni nikampikia supu ya pozole anayoipenda, ambayo ndiyo namna yangu ya kukasirika.

Jumapili, 27 Aprili
Tumemaliza wa tatu na tumeingia mtoano. Mama Cuca amelishika lile neno la Candelaria. Halimtoki. Jina langu limemtoka, la marehemu mumewe limemtoka, ila hilo hapana. Tello akivua viatu tu, anamuuliza:

"Mlishinda?"

"Tulishinda, mama."

"Basi hatuhami."

Kisha analala usingizi wa mtoto.

Jumapili, 11 Mei
Tumewatoa wapinzani wetu wa kwanza wa mtoano. Tello amezuia mipira ambayo hata aliyeipiga alikuwa ameanza kuishangilia. Miaka yote hii nimemwona akicheza vizuri na akicheza vibaya, lakini hivi sijapata kumwona. Watoto mtaani wanajipaka udongo mikononi wajifanye wamevaa glovu zake. Mimi nimeanza kuthubutu: nimekwenda sokoni nikanunua kitambaa cha mapazia, cha manjano. Sijawahi kushona mapazia ya kipimo cha dirisha. Siku zote nimetundika shuka.

Jumapili, 25 Mei
Tumeingia fainali! Mwenye duka la tortilla amekataa pesa yangu. Kasisi ameweka skafu ya timu kwenye shingo ya sanamu ya Mtakatifu Agnesi, ndiye Inés mwenye mji, na hakuna aliyemkemea.

Jumanne, 3 Juni
Nataka kuandika hili taratibu.

Mchezo wa kwanza wa fainali, ugenini, ulikwisha sare, moja moja. Marudiano ni Jumapili, hapa kwetu. Leo asubuhi nilikwenda saluni, maana kipa wa fainali hawezi kuwa na mke mwenye kichwa kama cha kwangu. Nilikuwa na kitambaa changu kwenye kapu, niende nacho kwa fundi baadaye. Nikamkuta Doña Perla, mke wa Don Wenceslao, amekaa chini ya kikaushio cha nywele. Sijawahi kumpenda. Ananukia manukato ya bei na humsalimia mtu kwa nyusi. Msusi alipokwenda nje kununua soda, Doña Perla akatoa kichwa kwenye mashine.

"Kitambaa kizuri. Cha nini?"

"Mapazia, Doña."

Akakivuta kitambaa, akakipapasa, kisha akakirudisha kapuni akakikunja vizuri, yeye mwenyewe, na kucha zile.

"Usikikate, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui madirisha ya Mexicali yana ukubwa gani."

Nilidhani anatania. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akanieleza upesi kabla msusi hajarudi: wako watu wa Mexicali, huko mpakani, wanaotaka timu ya daraja la kwanza. Wamekubaliana na mumewe tangu Machi. Tukishinda Jumapili, timu ni yao na inahamia kwao kabla ya Agosti. Tukifungwa, hawaitaki, wanakwenda kununua kwingine.

"Na lile jukwaa? Na kiapo cha mama yake?"

"Mama yake yuko hai, mwanangu. Yuko Guadalajara, anacheza karata." Akarudisha kichwa kwenye kikaushio. "Mimi sikukwambia kitu."

Nimetembea mpaka nyumbani na nywele zimekauka upande mmoja. Huyu mwanamke nimemsema miezi mitano, na ndiye pekee katika mji huu aliyenifikiria.

Jumatano, 4 Juni
Sijamwambia Tello. Nimemtazama akila. Ana furaha kwa namna yake, yaani ameomba chumvi.

Alhamisi, 5 Juni
Sijamwambia. Chabela amepita akiimba lile neno lao. Nimefunga dirisha, nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemwambia. Alikuwa uani anapaka glovu mate na kuzikausha, kama afanyavyo. Nilimweleza yote, bila kumtaja aliyeniambia. Nilitegemea atashtuka. Aliendelea kupaka.

"Najua, Oti."

"Unajua?"

"Wote tunajua. Nahodha alituambia mwezi wa tatu."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa na meza," akasema. "Nilisema acha mmoja wetu akae kidogo."

Nikakaa chini kwenye kipande cha tofali. Nikamuuliza kwa nini wasiende kwa Don Wenceslao, wakagoma, wakasema hapana. Akanieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linazama. Mkataba si wa mji, ni wa timu. Timu inakwenda, mchezaji anakwenda. Akikataa, wenye timu wote ni marafiki, wanapigiana simu, na hakuna hata mmoja atakayemchukua mchezaji wa mwenzake bila ruhusa ya mwenzake. Hilo halijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kulivunja. Atakaa nyumbani. Na shule aliiacha darasa la sita ili acheze mpira.

"Basi wewe..." nikaanza, sikumaliza.

"Sema."

"Wewe ndiye uko golini, Tello."

Hapo ndipo aliponitazama, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu Machi.

"Unataka niuache uingie?"

Nikageuza uso. Mama alikuwa mlangoni na jiwe lake la kusugulia mkononi, sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Toka nikiwa na miaka kumi na saba naungoja mchezo huu," akasema Tello. "Nimekaa benchi miji sita. Na wenzangu kumi wanaukimbilia. Watu watajaza uwanja ule, Oti. Mpira ukija, mkono unakwenda wenyewe. Hata nikitaka, sijui kama ningeweza kuuzuia mkono."

"Na mama?"

Akainama juu ya glovu. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akaenda kunawa uso. Nimemkasirikia miezi yote hii kwa kunyamaza. Sasa najua alikuwa amebeba nini, na sina la kumsaidia kubeba.

Naandika hapa kwa sababu hapana mahali pengine: ndiyo. Nataka auache uingie.

Jumapili, 8 Juni
Bila bila mpaka mwisho. Dakika za nyongeza, bila bila. Penalti.

Mimi na mama tulikaa upande wa kusini. Mbele yetu, ng'ambo ya uwanja, nguzo za kutu zilikuwa zimepandwa na watu waliokosa nafasi, wamening'inia kwenye chuma cha jukwaa lisilojengwa wakiimba kwamba hatuhami. Wingu lilikuwa limeshuka jeusi. Sisi tukapiga, wao wakapiga, hakuna aliyekosa. Tulipofunga ya tano, Chabela akaniminya mkono mpaka pete ikaniuma. Ikabaki yao moja.

Mpigaji aliuweka mpira. Tello alisimama kwenye mstari, kisha akatazama upande wetu. Watu watasema alikuwa anaomba dua. Alinitafuta mimi, akanipata. Nilijaribu kuufanya uso wangu usiseme chochote, na sijui ulisema nini.

Mpira ulikwenda kulia kwake, chini, karibu na nguzo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Sijui nieleze vipi kelele ile. Mvua ilianguka hapohapo, ya kwanza tangu mwaka jana, na watu wakaona hata mbingu imekubali. Walimnyanyua Tello begani, wakamzungusha uwanja mzima kwenye matope, wazee wanambusu mikono. Alikuwa amelala chali juu ya mikono yao kama mtu anayepelekwa kuzikwa. Don Wenceslao alilia mbele ya kamera. Kwenye uzio, Doña Perla alinisalimia kwa nyusi zake, kisha akageuza uso.

Mama Cuca alikuwa amelowa chapachapa, anaruka.

"Ameudaka! Mwanangu ameudaka! Binti, umeona? Hatuhami!"

"Nimeona, mama," nikasema. Nikamfunika na kitambaa cha mapazia, ndicho nilichokuwa nacho kapuni.

Ijumaa, 20 Juni
Imetangazwa redioni: timu inahamia Mexicali. Don Wenceslao hayupo mjini.

Jumamosi, 21 Juni
Mtu ametupa matope kwenye mlango wetu. Tello ameyatoa kwa maji na ufagio, mchana kweupe, kila mtu anamwona. Wale wale waliombusu mikono wanapita upande wa pili wa barabara. Mwenye duka la tortilla amepokea pesa yangu bila kuniangalia.

"Angalau angewaachia ile penalti," nikamsikia akimwambia mteja. Kwa hiyo sasa mji mzima unataka alichotaka mke wa kipa, baada ya wakati.

Jumatatu, 30 Juni
Mvua kila alasiri. Nimeuza meza.

Alhamisi, 3 Julai
Lori limekuja. Mama alikuwa akiwaelekeza wapagazi kwa ukarimu, akiamini wanaleta vitu. Chabela alikuja, yeye peke yake, na bakuli ambalo mama alikuwa amelisugua wiki yote, limechomwa tayari, jekundu.

"Nilimpigia makofi yule mshenzi," akaniambia.

"Hata mimi, shoga."

"Alitulisha tamale."

"Alitulisha. Hilo hakudanganya."

Tukacheka, tukashikana, tukalia. Mama alipoona gari la kwetu linawashwa, akatuaga wote wawili kwa heshima, akatutakia safari njema, akaanza kuingia ndani ya nyumba tupu. Tello alimbeba. Mama alipiga kelele mpaka njia kuu.

Jumapili, 10 Agosti. Mexicali.
Joto la huku linamngoja mtu nje ya mlango kama mdai. Madirisha ni makubwa, kitambaa hakitoshi.

Jana timu imecheza mchezo wake wa kwanza wa daraja la kwanza, kwa jina jipya na jezi mpya. Wamemleta kipa kutoka Argentina, kijana. Tello amekaa benchi dakika zote tisini, na glovu amevaa. Wamefungwa tatu. Ameniambia huyo kijana ni mzuri, ila anatoka golini mapema mno.

Mama Cuca hazungumzi sana tena. Mimi hanijui hata siku moja moja. Anasugua sahani za plastiki kwa lile jiwe lake, zinakwaruzika, tumeziacha zikwaruzike. Bakuli la Chabela halitambui. Jambo moja tu limesafiri naye, na asubuhi hii, kama kila asubuhi, alilitoa kabla ya chai.

"Mlishinda?"

Tello aliweka kijiko chini. "Tulishinda, mama."

"Uliudaka?"

"Niliudaka."

"Basi hatuhami," akasema, akainuka, akaniomba mimi, ambaye kwake ni mtumishi, nimfungulie mlango aende kwa Chabela.